Tumbo Linapimwa, Moyo wa Mjamzito Je?

Mwanamke wa kwetu akishika mimba, kila mtu hujua la kufanya na tumbo lake. Mamake humkataza kuinua ndoo. Mavyaa humchemshia supu. Kliniki humpima uzani, presha na damu, humpa tembe za kuongeza damu na chandarua, na hapa Pwani humpa pia dawa ya kukinga malaria. Yote hayo ni mema na tusiyaache. Lakini hebu waulize akina mama kumi waliojifungua mwaka huu mtaani kwenu: ni wangapi walioulizwa, "Na moyo wako, waendeleaje?" Mimi nimeuliza swali hilo harusini, matangani na kwenye foleni za kliniki. Mara nyingi ninalojibiwa ni kicheko: "Moyo? Nani ana wakati wa moyo?"

Makala haya ni kwa ajili ya moyo huo. Nitaeleza huzuni ya ujauzito ni nini na inajulikanaje, kisha nitaeleza namna kuimba, kushona, kupaka hina na kuandika kunavyoweza kumsaidia mjamzito. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya faraja hiyo tayari tunayo majumbani mwetu. Tatizo ni kuwa tumeiweka kwa ajili ya harusi peke yake, na yule anayeihitaji zaidi tumemwacha chumbani.

Huzuni ya kawaida na iliyozidi

Mimba hugeuza mwili wote. Homoni hupanda, usingizi hukatika, harufu ya vitunguu huchukiza, na chozi huwa karibu. Tunasema "mimba imemchukia mumewe" na tunacheka, kwa sababu tunajua yatapita. Mjamzito kulia leo na kucheka kesho si ugonjwa.

Kuna huzuni nyingine ambayo haipiti. Inakaa wiki mbili, mwezi, miezi. Wataalamu wengine huiita sonona, wengine huiita unyogovu. Mtaani tunaiita kwa majina mengine: fikira, uvivu, kiburi, au tunasema ana jini. Mara nyingi hufuatana na wasiwasi mkali, mtu akawa hawezi kutulia hata pale pasipo na la kuogopa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani kote, wajawazito 10 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua huwa ni 13 katika kila 100. Katika nchi zinazoendelea idadi ni kubwa zaidi: asilimia 15.6 wakati wa mimba na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Tufanye hesabu ya haraka. Benchi la kliniki likikaliwa na wajawazito 20, huenda watatu kati yao wamebeba mzigo huo, na pengine hakuna anayejua, hata yule waliyeketi naye bega kwa bega.

Dalili za kuangalia ni hizi, hasa zikidumu zaidi ya wiki mbili:

- Huzuni au utupu karibu kila siku, au kulia bila kujua sababu.
- Kutofurahia mambo aliyokuwa akiyapenda, hata mazungumzo na nduguze.
- Kukosa usingizi hata akipata nafasi ya kulala, au kulala mno na bado kuchoka.
- Kukosa hamu ya kula, mbali na kichefuchefu cha miezi ya mwanzo.
- Kujilaumu na kujiona hafai kuwa mama.
- Wasiwasi usiokatika kuhusu mtoto, uzazi au kifo.
- Kuwaza kwamba ni afadhali asingekuwapo.

Sababu ni nyingi na mara nyingi huungana. Yupo aliyepoteza mimba au mtoto kabla ya hii. Yupo aliyebeba mimba asiyoitaka, au aliye msichana mdogo ambaye bado alitakiwa kuwa shuleni. Yupo ambaye mumewe yuko baharini au Ghuba, na yupo ambaye mumewe yuko nyumbani lakini mkono wake ndio unaoumiza. Wapo wenye dhiki ya kodi na chakula. Wapo pia ambao hawana hata moja ya hayo na bado huzuni imewashika, na hao ndio huonewa zaidi kwa kuambiwa hawana shukrani.

Tusisahau mwili. Damu ikipungua, au tezi ya shingoni ikiwa na hitilafu, mtu huchoka na kunyong'onyea vilevile kama mwenye sonona. Ndiyo maana kupima damu kuje kwanza kabla ya kuhukumu.

Jambo hili si la kupuuza. Mjamzito aliyevunjika moyo hula kidogo, hukosa kliniki na huacha tembe zake. Uchunguzi katika nchi nyingi umeihusisha sonona ya ujauzito na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzani mdogo. Isipotibiwa, mara nyingi huvuka pamoja naye hadi upande wa pili wa uzazi, akawa amemshika mtoto mikononi na hana nguvu ya kumtazama.

Mficha uchi hazai

Nitatoa mfano mmoja, bila jina wala mtaa. Kuna binti aliyeolewa jirani na kwetu. Mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi saba. Ya pili ilipoingia mwezi wa tano, akaacha kutoka nje. Mumewe alikuwa Qatar kazini. Akipigiwa simu husema, "Mzima, alhamdulillahi," na simu ikikatwa hulala akaelekea ukutani. Watu wa nyumbani walisema ni uvivu wa mimba. Shangazi mmoja akasema ana kitu, apelekwe akasomewe. Kliniki alikwenda mara nne, na mara zote nne kitabu chake kiliandikwa kuwa mama na mtoto hawana neno.

Aliyemfungua kinywa alikuwa fundi wa nguo, bibi wa makamo anayeshona madera barazani kwake. Alimwita, akampa kitambaa na sindano, akamwambia, "Mwanangu, nisaidie pindo hili, macho yangu hayaoni tena." Siku ya kwanza hawakuzungumza la maana. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki ya pili, mikono ikiwa na kazi na macho yako kwenye pindo, binti akasema, "Bibi, huyu naye naogopa kumpenda."

Bibi hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia ashukuru Mungu kwa kuwa wapo wasiopata. Alimuuliza, "Yule wa kwanza ulikuwa umempa jina?"

Alikuwa amempa. Nyumba nzima hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bibi yule hakujiona ni daktari. Wiki hiyohiyo alifuatana naye hadi kwa muuguzi, akakaa naye kwenye foleni, na muuguzi akampeleka kwa mshauri wa hospitali. Binti alijifungua salama na mtoto sasa anatambaa. Alisaidiwa na mambo mawili pamoja: sindano iliyomfanya aseme, na hospitali iliyojua la kufanya na alichokisema. Lingekosekana moja, jingine lisingetosha.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Tumezoea kulitumia neno hili kwa mambo ya mkunga na chumba cha uzazi, lakini moyo nao una uchi wake. Mtu hawezi kuufunua mbele ya watu wanaomtolea macho na kumuuliza, "Una nini wewe?" Akiulizwa hivyo atajibu, "Sina neno." Mikono ikishughulika, ulimi hulegea.

Sanaa na tiba

Neno tiba ya sanaa lilianza kutumiwa na mchoraji Mwingereza Adrian Hill mwaka 1942. Alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, akaona kwamba kuchora kitandani kunamsaidia kupona, akawafundisha wagonjwa wenzake. Leo tiba ya sanaa ni kazi yenye mafunzo yake, na mtaalamu wake ni mtu aliyesomea ushauri nasaha na sanaa kwa pamoja. Wataalamu hao ni wachache katika nchi yetu. Kwa hivyo tutofautishe: kile ninachokipigania hapa ni sanaa kama faraja na kama mlango wa kuzungumza. Ugonjwa wenyewe hutibiwa na mhudumu wa afya.

Pamoja na hayo, faraja hiyo imepimwa na watu wa sayansi, na nitataja kazi tatu.

Ya kwanza ni ya Gambia, nchi ya Afrika Magharibi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu kama sisi. Huko kuna vikundi vya wanawake viitwavyo Kanyeleng. Ni wanawake waliochelewa kupata watoto au waliofiwa na watoto, hukusanyika wakaimba, wakacheza na kumuomba Mungu. Watafiti walishirikiana na vikundi hivyo pamoja na wahudumu wa afya, wakaandaa vikao vya kuimba kwa ajili ya wajawazito, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Walioshiriki utafiti ni wanawake 124, na walioingia katika vikao vya nyimbo walipungukiwa na dalili za huzuni na wasiwasi kuliko wale waliopata huduma ya kawaida peke yake. Ulikuwa utafiti mdogo wa majaribio, kwa hivyo tusiukuze kupita kiasi. Lakini tazama walichotumia: ngoma yao wenyewe, lugha yao, na wanawake wanaojua uchungu huo kwa kuuonja.

Ya pili ni ya London, iliyochapishwa mwaka 2018 na Daisy Fancourt na Rosie Perkins. Akina mama 134 waliojifungua na kuwa na dalili za sonona waligawanywa katika makundi matatu kwa wiki 10: walioimba pamoja na watoto wao, waliocheza nao michezo ya ubunifu, na waliopata huduma ya kawaida. Wale ambao dalili zao zilikuwa za kati au kali walipata nafuu haraka zaidi katika kundi la kuimba.

Ya tatu ni ya Pakistan, vijijini huko Rawalpindi, iliyochapishwa mwaka 2008. Hii haikuwa ya nyimbo, bali mazungumzo yanayoongozwa kwa picha, nyumbani kwa mama mwenyewe. Wajawazito 903 wenye sonona waliingizwa katika utafiti wakiwa katika miezi mitatu ya mwisho. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa vijijini humohumo, wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo mafupi. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa kwa njia hiyo bado walikuwa na sonona, na kati ya wale wengine ni asilimia 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa ajili ya nchi nyingine.

Nimeanza na Gambia makusudi. Tukisikia tiba ya sanaa tunadhani ni mambo ya watu wenye nafasi, rangi za mafuta na muziki wa piano. Kumbe kikundi cha wanawake na ngoma yao kinaweza kuingia kliniki kikafanya kazi.

Tulivyo navyo Pwani

*Nyimbo.* Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama ambavyo mwanahistoria Margaret Strobel aliviandikia kitabu mwaka 1979. Havikuwa vyama vya ngoma tu, wanachama walisaidiana harusini na misibani. Vugo bado twalipiga, kasida twaziimba, na nyimbo za kubembeleza watoto hatujazisahau zote. Mjamzito asiyependa ngoma na asome kasida, na asiyependa kusikika aimbe polepole jikoni kwake. Kuna faida ya ziada: mtoto humsikia mamake tangu tumboni. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani DeCasper na Fifer walionyesha kwamba watoto wenye umri usiozidi siku tatu huitambua sauti ya mama zao na huipendelea kuliko ya mwanamke mwingine. Kwa mama anayeogopa kumpenda mtoto aliye tumboni, wimbo mmoja kila usiku ni njia ya kuanza kuzoeana naye.

*Sindano na ukili.* Kushona pindo, kudarizi kofia, kusuka ukili wa mkeka, kufuma kwa uzi wa sufi: kazi hizi zina mwendo unaojirudia, na mwendo huo hutuliza pumzi. Zaidi ya hapo, mtu aliyekuwa akijiona hana faida huona kitu kimekamilika mikononi mwake. Wapo wasiopenda kuandaa vitu vya mtoto kabla hajazaliwa, kwa kuogopa husda au kwa kuwa waliwahi kuviandaa na mtoto hakuja. Wasilazimishwe. Ashone foronya yake mwenyewe. Akae kwenye kiti chenye mgongo, na kila nusu saa asimame anyooshe miguu.

*Hina.* Kuketi na mwenzako akakushika mkono saa nzima akikuchora maua ni faraja ambayo wengi huipata siku ya harusi na kisha basi. Mpake mjamzito hina. Lakini iwe hina ya majani, si piko. Piko nyingi huwa na kemikali ya rangi ya nywele ambayo huweza kuchoma ngozi na kuacha kovu. Mwezi wa mwisho acheni kucha na viganja vyeupe, kwa sababu mkunga huangalia hapo kama damu imepungua, na kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa hakisomi vyema kwenye kucha yenye rangi. Na mtoto mchanga asipakwe kabisa: kuna watoto huku Pwani waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu, na hina huweza kuwavunja damu.

*Kuchora.* Karatasi na penseli za rangi za shule zinatosha. Mwambie achore nyumba anayoitamani, au bahari ilivyo leo moyoni mwake. Asiyependa kuchora viumbe wenye roho ana maua ya hina na nakshi za milango ya Lamu. Hakuna anayepewa maksi. Uliza tu, "Hapa umechora nini?" kisha sikiliza.

*Kalamu.* Kuandika majonzi si mambo ya kigeni. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa alipomtungia bintiye utenzi wake mnamo 1858. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alianza miaka ya 1980 kuchunguza watu wanaoandika yanayowasumbua kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo, na tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba inaweza kusaidia. Siku ya kwanza mtu huweza kujisikia vibaya zaidi, kwa hivyo asiandike akiwa peke yake usiku wa manane. Asiyependa kuandika ajirekodi kwa simu. Daftari ni siri yake: mavyaa, wifi na mume hawana haki ya kulisoma.

Namna ya kuanzisha kikao

Haihitaji ofisi wala mfadhili. Haya ni mapendekezo yangu, kutokana na vikao nilivyokaa na kazi ya jamii niliyosomea.

Waanze wajawazito sita hadi 10, wasizidi, ili kila mmoja apate zamu ya kusema. Wakutane mara moja kwa wiki, saa moja au moja na nusu, baada ya swala ya alasiri au wakati wowote ambao hauwagongani na kupika. Mahali pawe sebuleni kwa mtu, chumba cha madrasa kisichotumika, au hata kivulini nje ya zahanati siku ya kliniki.

Awepo kiongozi mwenye umri na mwenye kuaminiwa: fundi wa nguo, mwalimu wa madrasa ya wanawake, mkunga mstaafu, au somo. Zamani msichana wa kwetu alikuwa na somo wake wa kumfunza mambo ya utu uzima. Mjamzito wa leo anahitaji somo wa namna hiyo tena. Pamoja na kiongozi, awepo mhudumu wa afya ya jamii anayejua njia ya hospitali.

Kikao kifuate mpangilio rahisi: salamu na maji, kisha kazi ya mikono kwa nusu saa bila kulazimishana kuzungumza. Halafu swali moja, kila mmoja ajibu akitaka. "Wiki hii ni lipi lililokulemea? Ni lipi lililokupa nguvu?" Kisha wimbo au kasida moja, na dua ya kufunga. Kikombe cha chai na mahamri hakiharibu kitu.

Kanuni ziwe chache na ziwe ngumu:

- Yanayosemwa hapa hayavuki mlango.
- Hakuna kusimulia uzazi wa kutisha. Zile hadithi za "mimi nilichanika hivi na vile" zibaki nyumbani.
- Hakuna kulinganisha matumbo wala kutabiri jinsia ya mtoto.
- Hakuna kumwambia mtu "wewe shukuru". Msikilize kwanza.
- Anayetaka kulia alie. Mpe leso, usimpe hotuba.

Mume na watu wa nyumbani

Kaka zangu mnaosoma, hili nalo ni lenu. Hakuna anayekutaka ushike sindano. Fuatana na mkeo kliniki walau mara moja mbili. Mpe saa yake ya kikao bila kumuuliza chakula kiko wapi. Uliyeko Doha, Muscat au Jeddah, ukipiga simu usiulize "mtoto yuko salama?" ukaishia hapo. Muulize na yeye amelalaje, amekula nini, nani amekuja kumtazama leo. Kisha nyamaza usikie.

Mavyaa, mwenye nyumba mara nyingi ni wewe. Neno lako moja la upole lina uzito kuliko kikao chochote. Na pale ambapo mjamzito anapigwa, hapo hakuna wimbo wa kuponya: kuna simu ya bure 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na kuna majirani wasiopaswa kuziba masikio.

Dua na hospitali

Najua wengi watauliza, na jini? Na husda? Siwakatazi watu kusomewa. Dua ni sehemu ya maisha yetu na moyo hupata utulivu kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Ninachokataa ni mjamzito kufungiwa kwenye moshi, kupigwa ili kitu kitoke, au kunyweshwa mizizi isiyojulikana. Mwenye kusomewa na asomewe, na hospitali aende.

Kwa wale wanaosema kwamba Muislamu mwenye imani hapatwi na huzuni, nawakumbusha kisa cha Bibi Maryam katika sura iliyobeba jina lake. Uchungu ulipomshika chini ya mtende, peke yake, alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo. Hakukemewa kwa maneno hayo. Aliambiwa asihuzunike, kisha akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Faraja ilitangulia na chakula kikafuata, na hayo yote mawili alipewa mwanamke mtukufu kuliko sisi sote.

Wakati wa kukimbia

Nyimbo zina mpaka wake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ikiwa mjamzito au mzazi anazungumza juu ya kujiua au kumdhuru mtoto, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hajalala siku kadhaa na bado anahangaika kwa nguvu zisizo za kawaida. Hali kama hii ikitokea siku chache baada ya kujifungua ni dharura sawa na kuvuja damu. Usimwache peke yake hata dakika. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Vilevile damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kufifia, uso ukivimba ghafla, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kikao cha Alhamisi. Na anayetumia dawa za kifafa au za akili asiziache kwa sababu ya mimba kabla ya kuzungumza na daktari.

Maswali 10

Kuna karatasi ya maswali 10 iliyotungwa Scotland mwaka 1987, inayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Humuuliza mama alivyojisikia katika siku saba zilizopita: ameweza kucheka? Amejilaumu bila sababu? Amepata wazo la kujidhuru? Haitoi hukumu ya ugonjwa, bali humwonyesha mhudumu ni nani wa kuzungumza naye zaidi. Hutumiwa kwa wajawazito pia, na watafiti wa hapa Kenya wamekwisha kuifasiri kwa Kiswahili. Kuijaza ni dakika chache.

Tangu ugatuzi wa 2013, zahanati na hospitali zetu nyingi ziko chini ya kaunti. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane. Ninawaomba maafisa wa afya wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta watie karatasi hiyo moja ndani ya mkoba, na katika mara hizo nane, mbili tu ziulizwe maswali hayo. Hakuna mashine ya kununua hapo.

Sisi wengine tusingoje kaunti. Yupo mjamzito kwenye ngazi yenu, au nyumba ya pili, ambaye hajaonekana barazani wiki hii. Mpelekee kitambaa na sindano, au hina, au mwambie unahitaji mtu wa kukusaidia kuchambua mchele. Kaa naye, na usiwe na haraka ya kuondoka.

Wabillahi tawfiq.